Kuchagua brashi laini ya poda na ya blasha: mwongozo kwa wapambaji na wajipambao wa Lamu

Uso wa bibi harusi wa Lamu hufika mikononi mwa mpambaji ukiwa umeshatunzwa siku nyingi. Umepakwa liwa, umesuguliwa, umekaa ndani mbali na jua. Ngozi ya namna hiyo ni laini, na kwa sababu hiyo hiyo ni nyepesi kukwaruzika. Brashi yenye ncha kali huiwasha, huibandua faundesheni iliyokwisha kutulia, na poda inakaa madoadoa. Hapo wengi huilaumu poda, wakanunua nyingine, na madoa yakarudi vile vile.

Mwongozo huu ni wa brashi mbili tu, ya poda na ya blasha, kwa mtu aliyekusudia kutoa pesa ya maana na hataki kuitupa. Ninavyoamini mimi, ulaini peke yake hautoshi. Brashi ya kununua ni ile ambayo ncha za nywele zake hazikukatwa, nywele zenyewe zinapatana na poda uliyo nayo, na ambayo utaweza kuiosha na kuikausha katika hewa yetu ya chumvi. Ikikosa moja kati ya hayo matatu, iache dukani hata kama jina lililoandikwa kwenye mpini ni kubwa.

Hatua ya 1: Anza na poda yako

Toa poda na blasha unazotumia hasa, uziweke mezani. Pitisha kidole kikavu juu ya kila moja.

Poda ya unga, ile inayomwagika, huinuka yenyewe. Haihitaji nywele zenye nguvu, inahitaji nywele nyingi na nyepesi ambazo zitaisambaza bila kuirundika. Poda ya kompakti inategemea ilivyoshindiliwa. Kidole kikitoka na rangi mara moja, poda ni laini na brashi laini kabisa itaiweza. Kidole kikitoka kikavu mpaka urudie mara tatu, poda ni ngumu, na brashi laini mno itateleza juu yake bila kuchukua kitu.

Blasha ndiyo yenye tofauti kubwa zaidi. Rangi kali, kama zile nyekundu za zambarau zinazopendeza sana kwenye ngozi nyeusi, hutoa rangi nyingi kwa mguso mmoja. Rangi hafifu za waridi hutaka kuchotwa hasa. Na ikiwa blasha yako ni ya krimu, ruka maelezo yote ya nywele za wanyama hapa chini: krimu huzigandisha nywele hizo na mafuta yake ni tabu kuyatoa. Chukua nyuzi za kutengenezwa, umalize.

Hatua ya 2: Chagua nywele

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuende polepole.

Unywele wa mnyama una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Magamba hayo ndiyo yanayoshika chembe za poda, kuzibeba mpaka shavuni, na kuziachia kidogo kidogo. Nyuzi za plastiki uso wake ni mtelezo, ndiyo maana brashi za bei nafuu huchota poda nyingi kwa pamoja na kuimwaga yote pale ilipogusa kwanza.

Nywele za mbuzi ndizo nguzo ya brashi za poda na blasha. Za brashi hutoka sana Uchina, na zina madaraja mengi. Mafundi wa Japani huliita daraja la juu kabisa saikoho, na linalofuata sokoho. Tofauti ya daraja la juu na la chini ni kubwa kiasi kwamba mtu aliyezoea brashi za mbuzi za kawaida akiishika saikoho huuliza huyu ni mnyama gani. Sifa ya mbuzi ni kwamba ana ulaini na nguvu pamoja. Anaiweza poda iliyoshindiliwa, anatoa rangi ya kuonekana, na anadumu miaka mingi akitunzwa. Kwa sisi ambao ngozi zetu ni maji ya kunde hadi nyeusi tititi, hili ni jambo la msingi: blasha iliyopakwa kwa nywele dhaifu huishia kivuli tu, haionekani ukumbini.

Nywele za kindi ni laini kupita zote zinazotumika kwa uso. Ukizigusisha shavuni hutajua zimefika lini. Hutandaza poda ya unga kwa wepesi usio na mfano, na rangi kali huzituliza zisilipuke. Lakini hazina mgongo. Hulala zikikandamizwa, hushindwa na poda ngumu, na hukatika zikioshwa kwa nguvu. Bei yake iko juu na upatikanaji wake ni wa shida. Kwa mpambaji anayeosha brashi zake kila baada ya mteja, simshauri kindi. Kwa mwanamke mwenye ngozi inayowasha upesi, anayejipamba nyumbani kwa poda ya unga, kindi ni raha ya kweli.

Nywele za farasi ni imara na zina mvuto wa kurudi zilipokuwa, ila ncha zake si laini kama za mbuzi mzuri. Mara nyingi huchanganywa na za mbuzi ili kuipa brashi uti. Mchanganyiko wa kindi na mbuzi nao upo, na kwa blasha unafaa sana: mbuzi anachota, kindi anatuliza.

Jihadhari na maneno ya lebo. Kuandikwa kwamba nywele ni za asili hakukwambii ni za mnyama gani wala za daraja lipi. Na ukikuta brashi imeandikwa nywele za ngamia, usidhani ngamia yumo. Ni jina la kibiashara la siku nyingi, na ndani mara nyingi mna kindi, mbuzi au farasi.

Liko swali jingine ambalo hapa kwetu halikwepeki: nywele hizi ni twahara? Wengi wetu Lamu ni wafuasi wa Imam Shafi. Katika madhehebu hayo nywele alizokatwa mbuzi akiwa hai ni twahara, na za mbuzi aliyechinjwa kisheria vile vile, lakini nywele za mzoga huhesabiwa najisi. Kindi hanyolewi akaachwa aende zake, na lebo haisemi aliuawa vipi. Nywele za nguruwe hazina mjadala. Hizo hupatikana zaidi kwenye brashi ngumu za kuchania kichwa, lakini ukiuziwa brashi ya uso yenye nywele nene zilizopasuka ncha, uliza kabla ya kulipa. Unywele mmoja ukibaki shavuni wakati wa swala ni jambo la kufikiriwa, kwa hiyo mwenye shaka amuulize mwalimu wake wa dini, au achukue njia isiyo na shaka yoyote.

Njia hiyo ni nyuzi za kutengenezwa, na siku hizi si za kudharauliwa. Zilizo bora hutengenezwa kwa poliesta au nailoni, ncha zake zikachongwa kwa dawa mpaka zikawa nyembamba, na nyingine hupindwapindwa kidogo ili zibebe poda kama unywele wa mnyama. Hazili rangi, hazinuki mbuzi, hukauka upesi, na anayepiga chafya akishika manyoya hatopata shida nazo. Bado hazijaifikia saikoho kwa namna rangi inavyotulia shavuni. Lakini nyuzi za daraja la juu huzishinda nywele mbovu za mbuzi, tena kwa mbali.

Ukinilazimisha nichague moja: kwa blasha, mbuzi wa daraja la juu. Kwa poda, mbuzi huyo huyo au nyuzi bora za kutengenezwa, kwa kuwa poda husamehe zaidi kuliko blasha.

Hatua ya 3: Zipime ncha

Unywele alioota nao mnyama huanza mnene kwenye shina na kumalizikia kwenye ncha nyembamba. Ncha hiyo ndiyo ulaini wote. Ikikatwa kwa mkasi, kinachobaki ni mti mkavu usio na ncha, na mamia ya miti hiyo ikigusa uso kwa pamoja ndiyo mchomo unaousikia.

Viwanda vya haraka hufunga nywele kwanza, kisha huzikata ili kupata umbo la duara. Mafundi wa Kumano, mji ulioko mkoa wa Hiroshima nchini Japani, hufanya kinyume. Nywele hupangwa ncha zikielekea chini ndani ya kibia kidogo cha mti kiitwacho koma, hugongwagongwa mpaka zikashika umbo la kibia, halafu hufungwa kwenye shina. Umbo linapatikana na hakuna ncha iliyoguswa na mkasi. Zile zilizogeuka au zisizo na ncha huondolewa kwa mkono, moja moja.

Kumano haikuanza na mekapu. Ni mji wa kalamu za nywele za kuandikia kwa wino, kazi iliyoanza huko mwishoni mwa enzi ya Edo, utawala wa kale wa Japani uliokoma 1868, na mwaka 1975 serikali ya Japani iliitambua rasmi kuwa ufundi wa jadi. Wazee wa kazi hiyo husugua nywele kwa majivu ya makapi ya mpunga ili kuzitoa mafuta na kuzinyoosha. Leo takriban asilimia 80 ya brashi zinazotengenezwa Japani hutoka mji huo. Nyumba za utengenezaji kama Chikuhodo, iliyoanzishwa 1952, na Hakuhodo, iliyoanzishwa 1974, zilitoka kwenye ufundi huo na kuingia kwenye brashi za uso. Timu ya taifa ya wanawake ya Japani ilipochukua Kombe la Dunia la kandanda mwaka 2011, zawadi waliyopewa wachezaji na serikali yao ilikuwa seti za brashi za mekapu za Kumano. Sisi watu wa Lamu, ambao tunajua mlango wa kuchonga huchukua muda gani na kwa nini, tuna kila sababu ya kuithamini kazi ya namna hii.

Sasa upimaji wenyewe. Peleka brashi kwenye mwanga wa jua, si wa taa ya duka. Zitazame nywele kwa ubavu: ncha nzima hufifia, kwenye mbuzi mweupe hukaribia kuangaza kama kioo. Ncha iliyokatwa humalizika ghafla, na brashi nzima huonekana imesawazishwa kama ukingo wa busati.

Kisha iguse. Watu wengi huipitisha brashi nyuma ya mkono, ambako ngozi ni ngumu na haisemi kweli. Ipitishe chini ya taya, halafu isimamishe wima na uibonyeze taratibu shavuni, mara kadhaa. Kupitisha kwa ubavu hata brashi mbovu huonekana laini. Kubonyeza wima ndiko kunakofichua ncha. Ikichoma hata kidogo, irudishe. Haitolainika kwa kuoshwa, asikudanganye mtu.

Mwisho, zivute nywele kwa vidole kwa upole. Kutoka mbili tatu kwenye brashi mpya si kitu. Zikiendelea kutoka kila ukivuta, gundi ni mbovu. Na huo unywele uliotoka usiutupe: uende nao nyumbani, uuguse kwa moto wa kiberiti. Wa mnyama hunuka kama nywele iliyoungua na kugeuka majivu yanayosagika. Wa plastiki huyeyuka ukawa shanga ngumu. Kwa njia hiyo utajua kama ulichouziwa ndicho ulicholipia.

Hatua ya 4: Umbo na ukubwa

Brashi ya poda iwe ya duara, na nywele zenye urefu wa milimita 40 hadi 50 kutoka kwenye shingo ya chuma. Ya blasha iwe ndogo, milimita 30 hadi 38 hivi, na upana wake usizidi vidole vyako viwili. Kosa la kawaida ni blasha kupakwa kwa brashi ya poda: rangi inapanda mpaka karibu na jicho na kushuka hadi taya. Brashi iliyokatwa mshazari sipendi kwa anayeanza, huacha mstari. Brashi fupi nene zisizo na mpini mrefu ni nzuri kwa safari, lakini hubeba poda nyingi mno kwa uso mdogo.

Hatua ya 5: Shingo na mpini

Chumvi ya bahari hula chuma hafifu. Shingo ya brashi, pale nywele zinapoingia, iwe ya shaba iliyopakwa nikeli au dhahabu, bila mshono unaoonekana, na isicheze ukiizungusha. Bati jembamba huanza kuvimba na kutoa madoa, na maji yakipenya ndani gundi huachia. Mpini wa mti uwe umepakwa rangi mpaka chini kabisa. Ukiuona uchi wa mti popote, jua unyevu utaingia hapo na rangi itapasuka.

Mipini ya laka ya Kijapani yenye maua ya dhahabu ni mizuri ajabu. Kwa kazi ya uso haiongezi kitu, kwa hiyo iwe ya mwisho kufikiriwa.

Hatua ya 6: Kununua

Kwenye maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mjini Lamu, utapata brashi za kila siku, na baadhi ya zile za nyuzi za kutengenezwa si mbaya hata kidogo. Za daraja ninalolizungumzia hapa huagizwa kutoka nje, ama kwa njia ya mtandao ama kwa mkono wa ndugu aliyeko Dubai, Muscat au Ulaya. Mkono wa ndugu ni bora. Mwandikie hivi: “Dada, kabla hujalipa, ibonyeze wima shavuni, halafu nipigie picha ya ncha zake juani.” Asikuletee seti. Katika seti ya brashi kumi na mbili, zile unazozihitaji ni mbili au tatu, na bei ya zilizobaki umeitoa bure.

Ukiagiza mtandaoni, soma ni mnyama gani, daraja gani, na nywele zina urefu gani. Muuzaji anayeijua kazi yake huyaandika yote hayo. Weka hesabu ya ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kusema bei ni nafuu. Na kwa kuwa mzigo utashuka Mokowe, upande wa bara, na kuvuka kwa boti, agiza ufungwe ndani ya nailoni, nywele zikiwa ndani ya kifuniko kigumu. Brashi iliyofika imelowa maji ya bahari huwa imeanza kuharibika kabla hujaigusa.

Hatua ya 7: Kuiosha na kuikausha Lamu

Hatua hii huanza kabla ya kununua, kwa sababu usipokuwa na uwezo nayo, ni afadhali uchague nyuzi za kutengenezwa.

Brashi mpya ya mbuzi ioshe mara moja kabla ya kuitumia. Iliyotiwa rangi nyeusi au kahawia hutoa rangi kidogo maji ya kwanza, na harufu ya mnyama hupungua. Tumia shampuu ya mtoto au sabuni nyingine laini, maji ya vuguvugu, na kiganja chako. Nywele zitazame chini muda wote. Maji yasipande kwenye shingo.

Maji yenyewe yana maneno. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye nywele huzifanya ngumu na kukatika. Osha kwa maji yoyote ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu: yale yanayotoka kwenye matuta ya Shela, au ya mvua uliyoyakinga.

Kamua kwa kitambaa, rudisha umbo kwa vidole, kisha iweke imelala kwenye ukingo wa meza nywele zikining'inia hewani, au iningʼinize kichwa chini. Usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa mbichi. Wakati wa kaskazi, upepo ni mkavu zaidi na brashi ya blasha inaweza kukauka kwa usiku mmoja dirishani, penye kivuli. Masika ni tabu. Mbuzi mnene anaweza kubaki na unyevu ndani siku mbili, na ukimtia mkobani hivyo ataota ukungu. Weka feni, subiri. Jua kali la juu ya dari usiliamini, hukausha nje na kuzifanya nywele kuwa ngumu wakati ndani bado kubichi.

Usizifukize brashi udi. Najua inavutia kuiweka mikoba yote karibu na chetezo, lakini moshi wa udi una utomvu, na utomvu huo hukaa kwenye nywele, poda ikashikana. Fukiza nguo. Brashi zikae kwenye mfuko wa pamba wenye kupumua, na utie kipande cha mti wa sandali, kwa sababu nondo wanaokula sufu hula nywele za brashi vile vile. Kagua kila mwezi.

Kwa mpambaji wa maharusi: kila uso na brashi yake, iliyooshwa na kukauka kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kununua brashi moja ya bei kubwa, uwe na mbili za blasha za bei ya kati zinazopokezana.

Hatua ya 8: Mara ya kwanza usoni

Chovya ncha tu, usiisokote brashi ndani ya poda. Gonga mpini kwenye kifundo cha mkono ili ya ziada ianguke. Usiku wa kupamba, chumba kimejaa wanawake, taa za kamera zinawaka na joto halina pa kutokea, poda ya kufagia haikai. Ibonyeze: shavu, paji, pembeni mwa pua, kidogo kidogo, huku brashi ikisimama wima. Hapo ndipo utaujua uzuri wa ncha zisizokatwa, kwa kuwa unaweza kubonyeza mara ishirini pahali pamoja na bibi harusi asikunje uso.

Blasha ianze juu ya mfupa wa shavu, kuelekea sikioni, kwa mguso mwepesi. Shika mpini mwishoni kabisa, mbali na nywele, nguvu ya mkono ipungue. Mwache bibi harusi asimame mlangoni kwenye mwanga wa nje, mtazame, kisha ongeza. Ukumbini rangi huonekana nusu ya ulivyoiona kwenye kioo, kwa hiyo usiogope kurudia mara ya tatu.